Nembo ya Kina Solanić

Maskati mtu akikuuliza babu yako mzaa mama alikuwa nani, haulizi kwa udaku. Anataka kujua akupe nini: binti yake, au kikombe cha kahawa na safari njema. Mie nimeshuka bandari nyingi, nimeulizwa pasi, chanjo na umri na watu wenye bunduki mabegani, na hakuna aliyenibana kama wazee wa hapa wanavyobana, kwa sauti ya chini, huku wanakukaribisha halua.

Mwaka 2002 swali hilo lilikuja nyumbani kwa shemegi yangu Bakhita, Darsait, na wa kulijibu nilikuwa mie.

Bakhita ni mjane wa kaka yangu Safwan. Ana mtoto mmoja, Marhoon, mpima ardhi wa serikali, kijana mtulivu, mrefu kupita milango ya nyumba yao. Ofisini kwao alikuwapo msichana anayeitwa Aliya, yeye kazi yake kuchora ramani. Marhoon anapima, Aliya anachora, na mambo yakafika yalipofika. Kwa kuwa kaka yangu ameshatangulia, wa kupeleka posa ni ami yake. Nikafunga kilemba changu vizuri, nikenda Ansab kwa babu yake Aliya, Sheikh Hatem, ambaye ndiye walii wake, maana baba yake msichana naye hayupo tena duniani.

Sheikh Hatem ni katika wale Waarabu wa bara. Kazaliwa Tabora, kafanya biashara ya ng'ombe huko mpaka Shinyanga, akarudi Oman katika miaka ya sabini na watu wake wote. Alinipokea kwa uzuri. Upande wa baba hakuuliza sana. Kabila letu analijua, na babu yangu aliwahi kufanya biashara na babu yake. Halafu akaweka kikombe chini, akasema upande wa mama bado hajausikia.

Nikamwambia: Bakhita bint Mahmoud.

"Mahmoud bin nani?"

Hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Baba yake Bakhita alikuwa Mkroatia. Jina lake la kwao ni Mate Solanić, litamke Solanich na utakuwa umefika. Alikuwa fundi mashine wa meli. Kabla ya vita vikubwa meli yake ilimshusha Unguja akiwa na homa, ikaenda zake, na yeye alipopona akaona hana haja ya kuifuata. Akapata kazi ya boila, ule mtambo wa kuchemsha mvuke, katika kiwanda cha mafuta ya karafuu, akasilimu, akaitwa Mahmoud, akaoa. Mji mzima ulimwita Mahmoud Boila. Akafa Bakhita akiwa bado msichana mdogo, na lile jina la Solanić likabaki kwa Bakhita peke yake, kama kanzu ya marehemu ambayo hakuna wa kuivaa na hakuna anayethubutu kuitupa.

Yote haya nilimweleza Sheikh Hatem. Akasikiliza. Lakini mke wa mwanawe, Bi Mahfudha, mama yake Aliya, alikuwa na masikio yake mwenyewe. Kulikuwa na maneno ya siku nyingi kwamba Mahmoud Boila hakuwa na watu, ni mtu aliyeokotwa gatini. Na huyu Bi Mahfudha, katika harusi moja huko Hail, aliwahi kusema Bakhita akisikia: "Bint Mahmoud, Mahmoud bin Bahari." Wanawake wakacheka. Bakhita alirudi nyumbani siku ile hajagusa biriani ya watu.

Sheikh Hatem hakukataa wala hakukubali. "Mimi ng'ombe sinunui mnadani," akanambia. "Naenda kuangalia zizi. Nitakuja kunywa kahawa kwenu Ijumaa, nikae, nitazame, kisha nitajibu."

Nikarudi Darsait na kifua mbele. Jibu ninalo. Katika Maskati nzima ni mie tu niliyefika kwa kina Solanić.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kwenye meli za Wayugoslavia, maana wakati ule nchi ilikuwa moja, kazi yangu kupaka girisi, na meli yetu ikaingia chelezoni Rijeka kutengenezwa. Tukakaa pale mpaka tukazoeleka. Lugha yao nikajifunza kwa njia niliyojifunzia kila kitu, kipande huku kipande kule. Madrasa kidogo, skuli ya Kiingereza kidogo mpaka nilipoikimbia, na kilichobaki nimefundishwa na mabaharia wenzangu, mengine hayafai kuandikwa. Kaka Safwan, Mungu amrehemu, alinipelekea salamu: umeshafika nchi ya mkwe wangu, basi mtafutie mke wangu watu wake. Nikaomba ruhusa, nikapanda boti ya abiria.

Kisiwa chao ni mawe. Mtu aliyezoea milima ya Maskati haoni ajabu. Mawe meupe, jua, kondoo wembamba, na chini kwenye ghuba ndiyo mashamba ya chumvi, vidimbwi vya maji ya bahari vimezungushiwa kingo za mawe. Jua linakunywa maji, chumvi inabaki, watu wanaikokota kwa reki za mbao. Mahali hapo wao wanapaita solana. Na ile -ić wanayoitia mwishoni mwa jina inafanya kazi ya bin yetu, mtoto wa fulani. Kwa hivyo Solanić ni mtoto wa mashamba ya chumvi. Basi. Mtu mmoja zamani alifanya kazi pale, akazaa, na watoto wakaitwa kwa kazi hiyo, kama kwetu walivyomwita Mahmoud kwa boila lake.

Nilimkuta bibi mmoja jina lake Luce, mke wa kaka mkubwa wa Mate. Kavaa nyeusi mwili mzima, ananitazama kama mtu aliyeletewa mzigo asiouagiza. Nilipomtaja Mate akakaa kitako juu ya ngazi. Akasema Mate alikuwa mtoto wa tatu na wa mwisho wa mzee Shime, alikwenda melini hakurudi, na wao walishamwombea kanisani kama maiti. Nikamwambia yule maiti kaacha binti. Akafikiri, akauliza kama binti anajua kupika. Nikasema anajua sana. Akaridhika, akanifungia chumvi ndani ya kitambaa. Chumvi ile Bakhita aliitia kwenye mchuzi chembe kwa chembe mpaka ikamalizika, na kila akiitia analia, na kila akilia anapakua.

Kuna jambo jingine Bibi Luce alinionyesha. Wakati ule sikuliona kubwa, hata Safwan sikumweleza. Nitalifikia.

Kwa hivyo mie nilikuwa na jibu. Nisichokijua ni kwamba Bakhita naye alikuwa ameshatengeneza lake.

Tokea 1998 alikuwa amebadilika. Mwaka ule wa Kombe la Dunia timu ya Kroatia ilitoka na mashati ya miraba nyekundu na nyeupe, kama ubao wa dama, ikashika nafasi ya tatu, na vijana wa Maskati wakayavaa mpaka yakapauka. Bakhita, ambaye mpira ukianza hubadilisha stesheni atafute mapishi, alikaa mbele ya televisheni kila walipocheza. "Shemegi," akinambia, "hao ni wana wa ami zangu." Nikamweleza kwamba ile miraba ni nembo ya nchi nzima, imo mpaka kwenye bendera. Akaniuliza, na sie wenyewe, nyumba yetu, nembo yetu nini? Mie nilikuwa nafunga begi kwenda Mombasa, nikamjibu nusunusu, kwamba wenye nembo za simba na tai kule ni wakubwa waliokuwa na ngome. Hilo la wakubwa ndilo lililomkaa. La ngome hakulisikia.

Siku chache kabla ya Ijumaa ya wageni akenda kwenye duka kubwa jipya upande wa Seeb. Kulikuwa na kibanda chenye kompyuta: unataja jina la ukoo wako, mashine inakutolea karatasi nene rangi ya maziwa, imeandikwa historia ya jina, na katikati ngao iliyotiwa rangi. Bakhita akalitaja jina la baba yake, kwa mara ya kwanza nadhani kwa mtu wa dukani. Mashine ikafikiri, ikatoa. Akanunua na fremu ya dhahabu kabisa. Hakumwambia mtu ila Marhoon, aliyepiga msumari.

Ijumaa baada ya alasiri mie nilikuwa Ansab kuwachukua wageni, kwa sababu vichochoro vya Darsait na magereji yake vinampoteza hata mwenye nyumba. Tukapanda ngazi, Sheikh Hatem na bakora yake mbele, Bi Mahfudha nyuma, anafagia vumbi la ngazi kwa macho. Yeye akaingia kwa wanawake, chumba cha ndani, kinachotengwa na sebule kwa pazia. Sie tukaingia sebuleni.

Kwenye ukuta wa mbele, pembeni ya Ayatul Kursi iliyotarizwa kwa uzi wa dhahabu, kilining'inia kichwa cha mnyama. Ngao nyekundu, taji juu yake, na ndani ya ngao kichwa cheusi kimekatwa shingoni, mdomo wazi, ulimi nje, na meno mawili yamepinda kwenda juu.

Sheikh Hatem akasimama kizingitini akatazama. Kisha akakaa, lakini siyo mahali pa heshima tulipomwekea mto. Alichagua kochi la upande wa pili, ukuta ule akaupa mgongo. Marhoon akamimina kahawa. Mzee akaipokea, akaiweka mezani bila kuitia mdomoni. Kwa Waarabu mgeni akiweka kikombe hivyo ana neno lake, na hanywi mpaka neno limepata jawabu. Marhoon analijua hilo.

"Mjukuu wangu," mzee akamuuliza, "mnyama gani yule?"

"Kifaru, babu," Marhoon akasema. "Ndiyo nembo ya babu yangu mzaa mama."

Na aliamini kweli. Kaambiwa na mama yake, na mama yake kaambiwa na macho yake mwenyewe. Bakhita ni mtoto wa mjini Unguja, kifaru hajamwona ila kwenye stempu. Aliona kitu kimechomoza juu ya pua, akaona na ukali, akasema kifaru.

"Nimekaa bara nusu ya umri wangu," Sheikh Hatem akasema. "Kifaru namjua. Yule ni ngiri."

Nyuma ya pazia ikaja sauti ya Bi Mahfudha, haikupanda wala haikushuka: "Nguruwe mwitu. Pembeni ya Ayatul Kursi."

Mie sikungoja. Nilipanda juu ya kochi, na umri wangu huu, nikaishusha ile fremu, nikaitoa nje nikaiegemeza kwenye ngazi uso ukutani. Nikarudi nikakaa. Nikasema ile si nembo yetu, ni uchafu wa dukani, mashine inatoa picha ilizonazo. Na sikukosea. Baadaye nilikwenda pale kibandani mwenyewe, nikamkuta ngiri yuleyule kwenye sampuli za ukutani, na chini yake jina la Mgoa mmoja na jina la Muingereza mmoja.

Lakini siku ile neno langu halikusaidia kitu.

"Zahor," Sheikh Hatem akasema, na hakuwa na ukali, ndicho kilichonichoma, "Mzungu kuchora ngiri si ajabu. Na mtu akisilimu, ya nyuma yamebaki nyuma. Mngeiacha pale mkanambia ndiyo hivyo, ningesikia. Lakini hapa kuna mtu kaitundika kwa kujisifu, na mtu kaibandua kwa haya, na kijana anasema kifaru. Nishike lipi?"

Ndivyo mambo yalivyosimama. Hakuwa akimkataa Bakhita kwa sababu ya ngiri. Alikuwa anaona watu wasiojua wao ni nani, wanakwenda kununua asili dukani. Kwa mzee kama yule hilo ni baya zaidi. Akiondoka na kikombe kimejaa vile, Marhoon na Aliya basi, na lile la Mahmoud bin Bahari litakuwa limepigwa muhuri na mtu ambaye Maskati hakuna anayembishia.

Nikamweleza upya, safari hii kwa urefu. Kisiwa, vidimbwi, Bibi Luce na chumvi yake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema ni maneno mazuri, na kwamba mabaharia wote aliowahi kuwajua walikuwa na maneno mazuri. Mmoja Dar es Salaam alimwapia kwamba ameoa binti wa mfalme Burma. Nikacheka, maana mabaharia wa namna hiyo na mie nawajua. Akaniuliza kama watu hao wa chumvi walikuwa na alama yoyote, ya kweli, ukiacha ya dukani.

Nikamwambia wanayo na nimeiona kwa macho yangu. Hilo ndilo jambo nililosema nitalifikia. Bibi Luce alinipeleka kwenye vidimbwi. Kila ukoo una vyake, na kwenye kila ukingo kuna jiwe limechongwa alama ya wenyewe, ili wakati wa kuvuna mtu asikokote chumvi ya jirani. Alama hiyohiyo wanaiunguza kwa chuma cha moto kwenye mipini ya reki, na wameichonga juu ya mlango wa nyumba. Tuliporudi mvua ikanikamata pale mlangoni. Nikaegemea ukuta nikingoja inyamaze, na ile alama ilikuwa juu ya kichwa changu, naiinulia macho muda wote huo. Haina ngao wala taji.

Nilikuwa nafungua mdomo kuieleza, Sheikh Hatem akainua mkono.

"Usiiseme. Ichore."

Akatueleza kwa nini. Tabora, mtu akidai ng'ombe aliyepotea, yeye na ndugu yake walikuwa wakitengwa, mmoja mbele ya zizi, mmoja nyuma. Kila mmoja anachora chini kwa kijiti alama ya kwao, bila kuonana. Wakishamaliza ndipo ng'ombe anageuzwa ubavu. Alisema kesi nyingi zilikwisha kabla ng'ombe hajageuzwa, kwa jinsi mtu anavyokishika kile kijiti.

Marhoon akanipa karatasi na kalamu. Nikachora bila kufuta: reki imesimama, ina meno matatu, na chini yake mistari miwili imelala, ndiyo kingo za kidimbwi. Mzee akaikunja kabla Marhoon hajaiona, akaitia mfukoni mwa dishdasha. Akaligeukia pazia.

"Bibi Bakhita. Marehemu baba yako alikuwa na alama?"

Akajibu kwa sauti ndogo. Alisema nembo aliyokuwa akiijua yeye ni hiyo iliyotolewa nje, na asamehewe, alidhani ni kifaru.

"Siulizi ya dukani. Nauliza alama ya mkono wake."

Hapo hata mie sikujua nyuma ya pazia kuna nini. Jikoni kwa shemegi yangu sijawahi kuvuka mlango. Lakini sikuwa na wasiwasi, na silisemi hili kwa kujitapa. Nilichokiona nilikiona. Mtu aliyekua anapita chini ya alama ile kila siku ya utoto wake, ukampa nyundo na chuma, mkono wake utaichora hata kama yeye kaisahau.

"Hakuwa na alama," Bakhita akasema. "Alikuwa na mkwaruzo tu. Akiutia kwenye nyundo zake na spana, wenziwe kiwandani wasimchukulie. Na zote zimeshapotea." Kisha akaongeza: "Upo kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Alimtengenezea mama, kwa chuma cha boila. Nna umri huu wote nadhani ni alama ya kiwanda."

"Ilete."

Akaileta mwenyewe, pazia akalisogeza kwa bega. Ni mbuzi kuukuu, kibao chake kimelainika kwa kukaliwa, mama yake kisha yeye. Aliitoa Unguja ndani ya bunda la kanga, watu wengine wakibeba dhahabu. Makombo ya nazi yalikuwa bado kwenye meno yake, kwa kuwa wali wa wageni ulikuwa haujamalizika. Sheikh Hatem akatoa leso, akaifuta shingo ya chuma mpaka ikang'aa. Akaitoa karatasi mfukoni, akaikunjua, akaiweka sambamba na chuma.

Reki ya meno matatu. Mistari miwili imelala. Na ubavuni mwa reki nukta moja, imepigwa kwa ncha ya msumari, ambayo kwenye karatasi yangu haikuwamo.

Bi Mahfudha alikuwa ameshasogea mpaka kwenye pazia, jicho moja nje. "Hazilingani, baba," akasema. "Huku kuna nukta."

Nikataka kutia neno. Sheikh Hatem akanizuia kwa kidole, macho yake bado yako kwenye chuma.

"Huyu Mate alikuwa mtoto wa ngapi kwao?"

"Wa tatu," nikasema. "Wa mwisho. Nilikwambia."

"Ulinambia."

Akaegemea nyuma, na kwa mara ya kwanza tokea aingie akakaa kama mtu aliyefika. Akamwambia Bi Mahfudha, kwa sauti ya kila mtu kusikia, kwamba mwenye zizi ana alama yake, na mtoto mkubwa anairithi kama ilivyo. Wadogo zake wakitoka kwenda kuanza mazizi yao hawaichukui hivihivi. Wanatia kitu juu yake, mkato au nukta, ijulikane ng'ombe ni wa nyumba ile lakini si wa kaka. Yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa pili, na ng'ombe wake wote walikuwa na mkato mmoja zaidi kwenye sikio.

"Ingekuwa sawasawa na karatasi, ningesema kaiona mahali kaiiga," akasema. "Mwenye kuiga hajui kama kuna cha kuongeza. Huyu bwana alitoka kwao akijua yeye ni nani na kaka yake ni nani."

Mie nimezunguka dunia na hilo nilikuwa silijui. Nilisimama chini ya mlango wa kaka mkubwa, mvua inanipiga, nikaona alama ya kaka mkubwa. Ya mdogo ilikuwa Darsait, inakuna nazi.

Sheikh Hatem akakichukua kikombe chake. Kahawa ilikuwa imeshapoa barafu. Akainywa yote, akamnyoshea Marhoon kikombe atiwe nyengine, na Marhoon akaimwaga nusu mezani.

"Na baba yake Mate nani?" mzee akaniuliza.

"Shime."

Akainuka. Akamrudishia Bakhita mbuzi yake, kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha watu.

"Bakhita bint Mahmoud bin Shime," akasema. "Wa mashamba ya chumvi. Aliya ni wenu, bibi. Mwambie kijana atafute siku."

Bakhita alisema alhamdulillahi, akasema na mengine ambayo hayakusikika, kisha akakumbuka kwamba wali wake uko motoni na nazi ya pili haijakunwa, akakimbia. Ndivyo alivyo. Furaha kwake inaishia jikoni.

Bi Mahfudha alibaki kwenye pazia. Mtu mwengine angeomba radhi kwa maneno. Yeye alivua pete zake, akazitia kwenye mkoba, akapandisha mikono ya abaya mpaka kwenye viwiko, akamfuata mwenzake ndani. Pazia lilikuwa limebaki wazi mpaka jikoni kunaonekana, nikamwona anaichukua mbuzi mkononi mwa Bakhita, anaiweka sakafuni, anakusanya nguo zake na kukaa juu yake, kiganja kimenyooka kuomba kizio cha nazi. Mgeni aliyekaa juu ya mbuzi ya watu huyo si mgeni tena, na wote wawili walilijua hilo.

Bakhita akampa kizio. Akasimama akimtazama namna anavyokuna, akiviringisha nazi kwa haraka haraka za watu wa bara. Nikaona kidevu chake kinapanda, kile kidevu ambacho kwenye harusi ya Hail kilikuwa kimeshuka.

"Kuna kwa adabu, bibi," akamwambia. "Umekalia nembo."